Kushusha ni Kushusha Wapi?

Mwenzangu uliye na mtoto anayefanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kuvunja mawe ya dhahabu, iwe Nyakunguru, iwe Nyamongo, iwe huko upande wa Serengeti walikoanza kuchimba juzi juzi, naomba usome haya mpaka mwisho hata kama hutaelewa yote. Mimi mwenyewe sikuelewa, na mpaka leo kuna mahali nachanganyikiwa. Lakini kitu kimoja nakijua. Mashine ikinyamaza haimaanishi imezimwa. Kama unasoma huku umesimama, shika hilo kwanza, mengine utayasoma ukikaa.

Watoto wangu wawili walikuwa pale kwa mzee Waitara, mwenye karasha ile iliyo karibu na barabara. Vivian ndiye mkubwa, alisoma ufundi wa umeme. Opondo ni mdogo wake. Kazi ya Opondo ilikuwa kusimama juu, kwenye mdomo wa karasha, na mtaimbo wake, akisukuma mawe yanayokwama. Na mimi hapo pembeni chini ya bati nawapikia wachimbaji uji na maandazi. Kwa hiyo nikiinua macho nawaona wote wawili. Nilikuwa najiona mama mwenye bahati.

Ile mashine haikuwa mpya. Ina mataya mawili ya chuma, moja limetulia, lingine linatafuna. Mawe ya dhahabu yanatupwa humo, yanavunjwa, halafu mkanda unayabeba kuyapeleka yakasagwe. Lakini mataya yale hayakuwa yanajiwasha ovyo. Ndani ya paneli ya umeme kulikuwa na kisanduku chenye vitaa vidogo vya kijani, na hicho kisanduku ndicho kilichokuwa kinaamrisha. Kwanza king'ora kilie. Halafu kisubiri watu watoke. Halafu mkanda, ndipo mataya. Vivian alikuwa anakiita pielisii. Opondo alikuwa anakiita shemeji, kwa sababu dada yake alishinda nacho kutwa nzima.

"Shikamoo Mama. Shemeji ameamkaje leo?" ndivyo alivyokuwa ananisalimia kila asubuhi akija kuchukua uji.

"Muulize dada yako," namjibu. "Mimi sijaletewa hata ng'ombe mmoja."

Tulikuwa tunacheka hivyo.

Sasa ikaanza shida. Mashine ikawa inafanya kazi vizuri, halafu katikati ya kazi inakata yenyewe. Kimya. Mnasubiri kidogo, mnabonyeza kitufe cha kijani, king'ora kinalia, inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Halafu inakata tena. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Huyu anasema ni joto. Yule anasema ni umeme mdogo. Mzee Waitara alisema ni wivu wa jirani aliyefungua karasha ng'ambo ya barabara, akataka kwenda kuita mganga. Vivian akapima nyaya kubwa, akapima mota, akabadilisha fyuzi. Kila kitu kizima, na mashine inakata.

"Mama, mimi sasa sielewi," akaniambia jioni moja tukitembea kurudi nyumbani. "Tatizo labda liko kwenye programu. Nataka nione ndani ya kile kisanduku kumeandikwa nini."

"Kwani ndani yake kuna maandishi?"

"Kuna amri. Zimeandikwa kwa kompyuta."

Basi akampigia simu Odoyo. Huyu ni mtoto wa kaka yangu aliye Migori, upande wa Kenya, fundi kwenye kiwanda cha unga cha kule. Wakakutana Sirari mpakani, Odoyo akamwekea Vivian kwenye kompyuta ndogo ya Vivian ile programu ya kuzungumza na visanduku. Mimi nilikuwa kwenye simu wakati wanaagana.

"Usijali shangazi," Odoyo ananiambia kwa Kiswahili chao cha kule. "Hii kitu ni rahisi sana. Nimemwekea hata ile ya kiwanda yetu, ya mahindi, ndio ajifunze nayo."

Nikasema asante mwanangu. Hilo neno la mahindi lilinipita tu.

Kesho yake asubuhi Vivian akafungua paneli, akachomeka waya wa kompyuta kwenye kisanduku. Nikampelekea uji. Kwenye kioo cha kompyuta niliona vimistari vimepangwa kama ngazi.

"Sasa unafanya nini hapo?"

"Nataka niichukue programu iliyo ndani ya mashine, niilete huku kwenye kompyuta. Niione, halafu niitunze."

"Unaichukuaje?"

"Kama nyimbo tu, Mama. Ukitaka wimbo uje kwenye simu yako unafanyaje? Unadaunilodi. Unaushusha." Akanionyesha. "Neno lenyewe hili hapa, limeandikwa."

Hata mimi nililitambua lile neno. Lipo kwenye simu ya kila kijana wa bodaboda pale Nyamongo.

Mzee Waitara akaja, mikono nyuma. "Wewe binti, umemaliza? Mawe yanalala pale."

"Bado kidogo, mzee."

"Kidogo yako ni ndefu."

Vivian akabonyeza. Kompyuta ikaandika kitu kirefu kwa Kiingereza.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inauliza kama nina uhakika."

"Na una uhakika?"

"Mama, kompyuta yoyote inauliza hivyo hivyo." Akabonyeza tena.

Mashine ikanyamaza. Kitaa kimoja cha kijani kwenye kisanduku kikazimika. Mkanda ukasimama na mawe yake juu. Nikarudi zangu kwenye sufuria.

Sasa sikiliza hapa. Vivian alikuwa ndani ya kibanda cha paneli, na kibanda kile hakina dirisha la upande wa karasha. Opondo alikuwa juu. Kulikuwa na jiwe kubwa limekwama mdomoni tangu jana yake, mawe mengine yanapita kwa shida pembeni yake. Nilimsikia akiuliza kwa sauti, "Mzee, shemeji amelala?"

"Si unaona imezimwa?" Waitara akamjibu. "Shuka utoe hilo jiwe, tusipoteze asubuhi yote."

Akashuka. Mguu mmoja akaupitisha katikati ya mataya ili apate nguvu ya kuinua. Hakuna aliyemwambia Vivian. Kwa nini amwambie? Mashine ilikuwa kimya, na kila mtu alijua kabla haijaanza lazima king'ora kilie. Hata kuku wangu walikuwa wamekizoea kile king'ora, kikilia wanakimbia.

Ndani ya kibanda kompyuta ikamuuliza Vivian swali lingine. Nimemaliza, niiwashe tena mashine? Akajibu ndiyo.

Hakikulia kitu. Mataya yakaanza kutafuna.

Mimi nilifikiri ni karasha ya jirani. Kweli kabisa, nilisimama na mwiko mkononi nikitazama ng'ambo ya barabara, kwa sababu yetu haijalia, kwa hiyo haiwezi kuwa yetu. Halafu nikasikia Opondo akiita. Hakuniita mimi. Aliita, "Vivi! Vivi! Zima!"

Waitara akakimbilia kitufe chekundu, kile kikubwa cha hatari. Akakibonyeza. Akakipiga kwa ngumi. Akakipiga kwa jiwe. Mashine haina habari naye. Nikakimbia mpaka mlangoni kwa Vivian, nikamkuta ameinamia kompyuta, anatafuta mahali pa kuizima mashine. Akawa anasoma kwa sauti kama mtu aliyerukwa na akili.

"Ghala la mahindi. Limejaa. Pumba. Mama, mahindi yametoka wapi? Nani ameweka mahindi humu?"

"Vivian, Opondo yuko ndani!"

Aliniangalia kama hanijui. Halafu akaiacha kompyuta ikaanguka chini, akaruka, akavuta mkono wa meni swichi kwenye nguzo. Kila kitu kikakata, hata redio ya Waitara.

Walimtoa kwa kuzungusha lile gurudumu kubwa kinyumenyume kwa mikono. Buti lilibaki humo. Na vidole vya mguu wa kushoto vilibaki na buti. Nashukuru Mungu ni vidole, kwa sababu nimewaona wengine. Lakini mimi ndiye niliyevizaa vile vidole, siwezi kusema ni kitu kidogo.

Tukampeleka hospitali Tarime. Vivian alikaa kwenye benchi la korido, hajanawa, damu ya mdogo wake kwenye mikono. Akawa anasema jambo moja tu.

"Mama, mimi nilichukua. Sikuweka kitu. Nilichukua tu."

"Najua."

"Nilishusha. Kushusha si ni kuchukua?"

Nilijua kwenye simu kushusha ni kuchukua. Nilikuwa naona mwanangu mmoja amelala kule ndani na mwingine anapotea hapa nje, na sababu yenyewe siioni.

Aliyekuja kutueleza ni fundi Kisyeri wa Tarime mjini, aliyeifunga ile mashine mwanzoni. Alikuja karashani na programu ya asili ya mashine, aliyoitunza kwenye flashi, ili airudishe. Vivian hakutaka kwenda kumwona. Nikamshika mkono, tukaenda wote.

"Shikamoo fundi," Vivian akasema, anatazama chini.

"Marahaba. Hebu niambie ulibonyeza nini."

Akamwambia. Kisyeri hakucheka wala hakugomba. Akachora kwa kijiti kwenye vumbi. Juu akachora kompyuta, chini akachora kisanduku.

"Kwa mtu wa simu, intaneti ndiyo iko juu, na simu yako iko chini. Ukishusha, kitu kinakuja kwako. Kwa sisi mafundi wa mitambo, kompyuta ndiyo iko juu, mtambo uko chini. Ukishusha, unapeleka kwenye mtambo, na kilichokuwemo kinafutika. Ukitaka kuchukua, unapandisha. Hukuchukua, binti. Umewapelekea hawa ile programu ya kiwanda cha unga iliyokuwa wazi kwenye kompyuta yako."

"Kwa hiyo neno ni moja na maana imegeuka?" mimi nikauliza.

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini hawakutafuta neno lingine?"

Jibu la hilo mpaka leo sijalipata.

Akaendelea. Kwenye mashine yetu kuna kamba ndefu pembeni mwa mkanda, ukiivuta kila kitu kinasimama. Waya wa ile kamba ndio unaoambia kisanduku, sijavutwa, endelea. Kule kwa akina Odoyo, tundu hilo hilo la kisanduku lina waya unaosema, mahindi yamejaa ghalani, washa. Kwa hiyo kisanduku chetu kilipopewa amri za unga, kikaambiwa mahindi yamejaa, kikawasha. King'ora hakikuwemo kwenye amri za unga. Na kitufe chekundu nacho kilipita humo humo kwenye kisanduku, kwa hiyo hakikusikilizwa. Hilo la kitufe Kisyeri alisema hata yeye alikosea, akakirekebisha siku hiyo hiyo, sasa kinakata umeme moja kwa moja.

Halafu akaenda kwenye ile kamba kutazama waya wake. Akaugusa kwa kidole, kitaa cha kijani kwenye paneli kikazimika. Akaugusa tena, kikawaka. Skurubu inayoubana ilikuwa imelegea kwa mtikisiko. Siku zote zile mashine ilipokuwa inakata, ilikuwa inafikiri mtu amevuta kamba. Programu haikuwa na kosa lolote.

Vivian aliikaza mwenyewe ile skurubu, analia. Hatukumzuia.

Opondo alirudi kazini anachechemea. Nilimkataza, akakataa kukatazwa. "Mama, shemeji ameshakula fungu lake," akasema. "Hawezi kurudia." Mimi sikucheka, lakini Vivian alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, nikamwacha aende.

Ila kwa sharti. Sasa meni swichi ina kufuli. Anayeshuka kwenye mdomo wa karasha anakata umeme wote kwa mkono wake, anafunga kufuli, ufunguo anauvaa shingoni. Sio kwa Waitara, sio kwa fundi, shingoni kwake. Na wewe mama mwenzangu, mwanao akikuambia anafanya kazi kwenye karasha, usimuulize analipwaje. Muulize ufunguo anaweka wapi. Akikuambia huwa wanabonyeza kitufe, au wanasikilizia king'ora, mzuie mlangoni. Nawe mwenye mtoto fundi, mwambie fundi anayeshika kompyuta lazima amwone kwa macho kila mtu kabla hajajibu ndiyo.

Juzi Vivian alichomeka tena kompyuta, ile ile yenye ufa. Alitaka kutunza nakala ya programu. Umeme lazima uwepo kwa kazi hiyo, kwa hiyo kufuli halisaidii.

"Opondo yuko wapi?" akaita kutoka kibandani.

"Yuko hapa kwangu, anakunywa uji."

"Namtaka nimwone."

Akatoka mpaka mlangoni. Opondo akainua kikombe juu. "Mwambie shemeji asianze bila mimi!"

Vivian akarudi ndani. Mashine ilikuwa imesimamishwa, nikasikia kimya kile kile. Nikaita, sikuweza kujizuia, "Vivi! Unashusha au unapandisha?"

Baadaye aliniambia aliondoa kidole, akasoma yote upya kuanzia mwanzo.

"Napandisha, Mama."

"Kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka kwenye mashine kuja kwangu."

Nikamshika Opondo shati kwa nyuma. Akasema mama unanichania nguo. Nikalishika hivyo hivyo mpaka king'ora kilipolia, na kilipolia bado sikuliachia.