Mapipa ya Kutoka Kusini

Drusilla Mabry alisimama mlangoni akaziba njia kwa mikono miwili. Ndani, binti yake Cassie alikuwa hawezi hata kumeza mate. Shingo ilikuwa imevimba upande mmoja, na kila pumzi aliivuta kwa taabu. Hiyo ilikuwa siku ya nne. Alikuwa amefungwa vitunguu vya kuchoma shingoni na kulambishwa sukari yenye tapentaini, wapi!

Mgeni aliyekuwa uani, kati ya masufuria ya kufulia na shuka za watu, alikuwa mwanamke mweusi kama yeye, mwenye kofia na mkoba wa ngozi. Tangu ashuke kwenye treni, watu weusi wa mji ule wa Georgia hawakuwa na habari nyingine: Daktari Loomis, mwanamke, tena amesomea Filadelfia, kule Kaskazini! Wengi walijivunia. Drusilla hakujivunia hata chembe. Januari ya mwaka elfu moja mia nane themanini na moja alimzika mumewe Amosi siku ya Jumapili, na Jumanne akakuta kaburi limefukuliwa, jeneza limepasuliwa, nguo za marehemu zimeachwa kwenye matope, mwili haupo. Kila mtu mweusi alijua wanunuzi wa maiti ni madaktari. Sherifu alimcheka. Miaka minne ilikuwa imepita, na bado alilichukia neno daktari, liwe limevaa suruali au gauni.

"Mpishe, Drusi," alisema jirani yake Keturah, ambaye ndiye aliyemwita mgeni. "Mimi dawa zangu zimegonga mwamba."

"Umemwita wewe, mpeleke kwako."

"Mwenzetu huyu, jamani!"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Daktari hakukasirika. "Mama, hapa nilipo namsikia anavyokoroma. Kuna jipu kooni. Nikilipasua atapumua. Tukiliacha litamziba, na si kesho, ni leo."

"Umpasue koo, kwa kisu."

"Kisu kidogo."

"Na kukata, ulijifunzia kwa nani?"

Keturah akaingilia haraka. "Maswali gani hayo! Huko wanasomea vitabuni, au siyo, Daktari?" Akamkonyeza mgeni aitikie.

Drusilla akausubiri uongo. Alikwisha kuusikia kwa madaktari Wazungu, na alikuwa tayari kumfungia huyu mlango usoni.

Daktari Loomis alivua kofia. "Kwa maiti," alisema. "Zililetwa kwa treni, ndani ya mapipa yaliyoandikwa tapentaini, kutoka huku Kusini. Zote nilizokata zilikuwa za watu weusi. Sikuuliza zimetoka wapi. Darasa zima mweusi nilikuwa peke yangu, niliogopa kufukuzwa. Na jibu lenyewe niliogopa."

"Mwaka gani?"

"Themanini na moja, wakati wa baridi."

Keturah alishika mdomo. Drusilla alitaka kuuliza kama kati yao alikuwamo mwanamume mrefu, asiye na kidole gumba cha kushoto. Swali lilimfika ulimini likakwama, kwa kuwa na yeye aliogopa jibu. Ndani Cassie alivuta pumzi, ikakatika, ikarudi nyembamba.

Drusilla akashusha mikono. "Ingia," alisema. "Kama ni baba yake aliyekufundisha, mkono wako usitetemeke."

Alimshika mtoto kichwa yeye mwenyewe, akakodoa macho, hakupepesa. Kisu kiliingia na kutoka. Usaha ukamwagika kwenye beseni, harufu ikajaa chumba, Cassie akakohoa, akalia kwa sauti ya mtu mwenye afya, kisha akaomba maji.

Drusilla alimnywesha kikombe kizima. Halafu akatoka uani, akakaa chini kwenye majivu ya moto wa kufulia, akaangua kilio.

"Sasa unalia nini?" Keturah alimfuata. "Mtoto si amepona!"

"Simlilii mtoto," alisema Drusilla.