Unga wa Waliofaulu

Mimi ndiye niliyemkataza mama asije. Nilimwambia Jumapili baada ya misa, tena kwa ukali, kwamba mtihani wa polisi si mechi ya mpira, na kwamba sitaki vigelegele. Ukweli ni kwamba niliogopa anione nikihema. Mama alisikiliza, akasema, “Sawa, Papa.” Ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la baba yake, Lambert. Kisha akaendelea kuchambua mboga zake. Ningekuwa mtu wa kuelewa ukimya wa mama, nisingekuwa na hadithi hii ya kusimulia.

Polisi walitaka kuajiri watu thelathini tu kutoka mji wetu wa Likasi, na tulioandikishwa tulikuwa karibu mia mbili. Masharti yalibandikwa ukutani: umri chini ya miaka ishirini na sita, pompe thelathini za kujiinua kwa mikono bila kupumzika, halafu mbio za kilomita tano. Thelathini wa kwanza kufika ndio wanaochukuliwa, wengine warudi kwao. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano na miezi kumi. Mwaka unaofuata karatasi ile isingenihusu tena.

Shida yangu ilikuwa miguu. Miaka minne nimeendesha taximoto, na mwendesha pikipiki hatembei hata hatua ishirini. Mama alikuwa akinitania, “Siku moja utaingia na taximoto mu kanisa, ufike nayo mpaka ku komunyo.” Nilicheka. Lakini miguu ilikuwa imesahau kazi yake, na tumbo lilikuwa limeanza kutangulia.

Rafiki yangu Djibril, mtoto wa Mzee Swedi mwenye duka la vitambaa, naye alikuwa ameandikishwa. Yeye ndiye aliyejitwika kazi ya kunifundisha. Kila alfajiri kwa wiki sita alipita kwetu Panda, katika kambi ya wafanyakazi, akagonga dirisha: “Lambert, lamuka! Barabara ya Kapolowe inatungojea.” Mimi ningejibu kutoka kitandani kwamba nina mteja wa mapema, au kwamba kuna dalili ya mvua. Katika wiki sita nilitoka mara tisa. Nilihesabu baadaye. Aibu inajua sana kuhesabu.

Siku ya mtihani afisa mmoja wa kike, Chef Mélanie, alitugawia namba za kitambaa uwanjani. Mimi nilipata mia moja na kumi na mbili, Djibril mia moja na kumi na tatu. Pompe nilizimaliza, mikono ya mwendesha pikipiki si mibaya. Kisha akatueleza njia: kutoka uwanjani hadi kwenye kivuko cha reli, ambako polisi atakuchora msalaba mkononi kwa wino, halafu kuzunguka kambi yote ya Panda kwa barabara, na kurudi uwanjani. Asiye na msalaba hana mbio. Aliyefikiri kwamba alama moja inatosha hakuwahi kuendesha taximoto, wala hajui njia za mkato.

Filimbi ikalia. Djibril angeweza kuniacha pale pale, lakini alijizuia akawa kando yangu.

“Pumua na pua,” aliniambia. “Tuko pamoja.”

“Enda, ndugu. Usinichunge minye. Enda!” Nikamsukuma asiningoje.

Hilo ndilo jambo jema pekee nililolifanya siku ile, nalitaja ili nami niwe na kitu. Djibril alikwenda. Mimi nikajikokota mpaka relini, nikachorwa msalaba wangu, na hapo kichomi kikanishika ubavuni kama mtu aliyenishika shati. Mbele yangu walikuwa watu sitini hivi, na walikuwa wamekwisha kupinda kona. Nyuma hapakuwa na mtu wa karibu. Na kushoto kwangu kulikuwa na ukuta wa kambi, na katika ukuta, lile tundu ambalo mama zetu hupitia kwenda sokoni.

Nilizaliwa kambini. Nikikatiza kwa tundu lile natokea upande wa pili kwa dakika tatu, na kilomita nzima ya barabara nawaachia wengine waizunguke. Baadaye nilijiambia kwamba miguu iligeuka yenyewe. Uongo mtupu. Niligeuka mimi.

Sikukimbia hata kidogo. Nilitembea kati ya nyumba mpaka nikaingia katika uwanja wa nyumba yetu. Mlango ulikuwa na kufuli, mbabula ya makaa ilikuwa baridi. Kitenge cha kwaya cha mama, ambacho jana yake nilikiona kimeanikwa, hakikuwa kwenye kamba. Nikafikiri amekwenda sokoni. Sikujiuliza ni nani anayevaa kitenge cha kwaya kwenda kununua nyanya. Nikanywa maji kwenye ndoo, kikombe kizima, nikatoka upande wa pili, nikajificha nyuma ya lori bovu mpaka kikundi cha kwanza kilipopita, kisha cha pili. Cha pili nikakirukia mkia.

Nilifika wa ishirini na saba.

Djibril alifika wa thelathini na moja. Alianguka kwenye majani, akavua viatu, akakaa akitazama vidole vyake. Baadaye akaniona. Badala ya kulia alisimama akanikumbatia, na jasho lake likanilowesha.

“Moja yetu ameingia,” alisema. “Aksanti Mungu. Lakini ulinipita wapi? Siyakuona.”

“Pa Panda,” nilimjibu. “Shi nilikuita? Haukusikia.”

Akatikisa kichwa, akajilaumu kwamba uchovu ulimzuia kuona watu. “Nilikuwa nachoka, ndugu. Sikukuwa naona tena bantu.”

Aliniamini kabisa. Nilitamani anitukane.

Chef Mélanie alisoma majina thelathini, na langu lilikuwamo. Watu wakanipiga mgongoni. Nikacheka nao, na kicheko kilikuwa kigumu kinywani kama mfupa. Hapo ndipo nilipoona vitenge vya kwaya vikiingia langoni. Walikuwa wanawake wanne, wa mbele akiwa mama yangu, Angèle, akichechemea kwa lile goti lake bovu. Mama Tina, jirani yetu, alibeba beseni na vikombe. Mama alishika sahani ya unga.

Kwetu aliyefaulu humwagiwa unga kichwani. Mtoto akipata diploma yake anatembea mtaa mzima akiwa mweupe mpaka kwenye kope, na hajifuti, maana unga ule ni wa kuonekana. Mama alikuwa ameuweka unga huo tayari tangu siku nilipojiandikisha. Nilikuwa nimeuona juu ya kabati, nikajifanya sikuuona.

Lakini hawakupiga vigelegele. 

“Mama, mutoto yenu ni nani?” aliuliza Chef Mélanie kwa furaha.

“Ni ule, cent douze,” alisema, akionyesha namba yangu.

“Félicitations! Iko mu liste,” Chef alimpongeza.

Mama alinitazama kidogo tu, toka viatuni mpaka usoni, kama anavyotazama nguo iliyorudi kutoka kwa dobi ikiwa chafu. Kisha akanipita. Akaenda mpaka aliposimama Djibril peku, akainua sahani, akammwagia unga kichwani taratibu, wote, mpaka sahani ikabaki tupu.

Watu wakaangua kicheko. Mtu mmoja alipaza sauti, “Mama, unakosea kichwa!”

“Siyakosea,” mama alisema. “Tulikuwa pa kona ya kambi toka asubui na maji. Bantu bote tulibaona. Huyu njo nilimupa maji na mukono yangu.”

Hakunitaja, hakuninyooshea kidole. Kona ile iko katikati ya kilomita niliyoiruka; wakimbiaji wote waliwaona wakipita, mimi hawakuniona. Djibril aligeuka kunitazama, unga ukimdondoka kwenye kope, na nikaona anaelewa polepole, kwa sababu hakutaka kuelewa.

Ningeweza kuendelea kudanganya. Watu walikuwa wengi, vumbi, akina mama hawa hawaoni vizuri. Maneno yote yalikuwa yamepanga foleni mdomoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Nikafungua pini za kitambaa changu moja baada ya nyingine, nikampelekea Chef Mélanie.

“Nilikata njia, Chef.”

“Wapi?”

“Mu kambi. Nilipita mu parcelle ya nyumba yetu.”

Mtu akacheka, kisha mwingine, kisha uwanja mzima. Chef Mélanie peke yake hakucheka. Alichukua kalamu akapiga mstari juu ya jina langu, akapandisha jina la thelathini na moja, na Djibril mwana wa Swedi akawa wa thelathini. Hakuruka wala hakupiga kelele. Nilipomnyooshea mkono aliutazama ule msalaba wa wino, akainama kuvaa viatu vyake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, wanawake mbele, mimi nyuma na beseni lao.  Tulipofika kwenye tundu la ukuta, wale watatu waliinama wakapita kama wanavyopita kila siku, na Mama Tina akageuka.

“Angèle, tukate huku. Ile goti yako.”

“Pitieni,” mama alisema. “Minye nitazunguka.”

Akaifuata barabara. Nilisimama kidogo na beseni langu, tundu liko kushoto, nyumba naiona. Kisha nikamfuata. Aliizunguka kambi yote, akisimama kila mara kushika goti, na kila aliposimama nami nilisimama, hatua kumi nyuma yake. Hakugeuka hata mara moja kuangalia kama naja. Kilomita ile moja ilituchukua karibu saa nzima.