Siku Nchi ya Juu Ilipogeuka ya Chini

Kabla sijaeleza jinsi nilivyougeuza mto mzima ndani ya chumba namba nane cha chuo kikuu, haki inanitaka nianze na kengele ya shule yetu ya bweni, maana ndiyo iliyonifikisha huko. Muhula uliopita niliing'oa ulimi. Nilifanya hivyo kwa nia njema kabisa, ili wasichana mia nne waliochoka walale mpaka jua lichomoze. Sikuwa na habari kwamba asubuhi ile ile wakaguzi kutoka wizarani wangefika saa moja kamili na kuikuta shule nzima, pamoja na mwalimu wa zamu, ikikoroma.

Mkuu wa shule hakufoka. Alimwita mama. Mama yangu ni mkunga. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu na sare yake, akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kunirudishia.

"Nimezalisha wanawake nisioweza kuwahesabu," alimwambia mkuu, "lakini huyu peke yake ndiye anayenipa uchungu kila muhula."

Mkuu akatoa fomu. Likizo ile chuo kikuu kilikuwa na kozi ya wiki mbili ya sera ya mambo ya nje kwa wanafunzi wa sekondari, chini ya balozi mstaafu aliyesoma naye zamani. Fomu ilitaka mambo mawili: mwenendo wa mwanafunzi, na saini ya balozi.

"Unapenda kuwachezea watu," mkuu akaniambia. "Nenda ukawaone wanaofanya hivyo kwa mshahara. Ukirudi bila saini, sanduku lako lisishuke garini."

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja, na nilitaka kuumalizia pale pale, kwenye kitanda changu cha juu karibu na dirisha, si kwingine. Nikala kiapo: siku kumi na nne bila utani hata mmoja.

Balozi alikuwa mama mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alituita "waheshimiwa wajumbe" bila kutabasamu, ingawa mheshimiwa mmoja alikuwa amevaa kandambili. Tulikuwa kumi na wawili. Alitugawa katika nchi tatu za kubuni zinazotumia mto mmoja: Juu, unakoanzia, Kati, unakopita, na Chini, unakoingia baharini. Kazi yetu ilikuwa kuandika mkataba wa maji na kuutia saini siku ya mwisho kabla ya saa saba mchana. Mkataba ukishindikana, alisema, naye hatatia saini karatasi ya mtu yeyote.

Kila nchi ilipewa kibao chenye jina lake. Ukitaka kusema, unakisimamisha wima na kungoja zamu. Na kulikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi kama dua: "Mjumbe hana uso. Kibao kilicho mbele yake ndicho uso wake."

Mimi nilikuwa mjumbe mkuu wa Juu. Nyuma yangu alikaa Bondia, jitu la miraba minne lililolia machozi likifungwa karata, pamoja na wenzetu wawili. Ng'ambo ya meza, Chini iliongozwa na Kamusi, msichana aliyesoma kila kitu, hadi maelezo ya nyuma ya mtungi wa kuzimia moto. Kati iliongozwa na kijana mpole tuliyemwita Padri. Kwa siku kumi na tatu alikuwa amesema maneno mawili tu: "Tunaunga mkono."

Fahari yangu ilikuwa kifungu cha saba. Juu inaahidi kuwaachia wenzake nusu ya maji. Kipimo cha maji kitajengwa kwenye bwawa la Juu, na kitasomwa na Juu, peke yake.

"Kwa hiyo sisi ndio tutakaowaambia nusu ni kiasi gani?" Bondia aliniuliza nilipokiandika.

"Ndiyo."

"Watajuaje kama ni kweli?"

"Watatuamini."

Bondia alicheka mpaka kiti kikaomba msamaha.

Kamusi alikikataa kifungu hicho siku tatu mfululizo. Naye alikuwa na turufu yake: barabara ya kwenda bandarini ilipita Chini, na sisi wa Juu tulihitaji malori yetu yapite. Lakini asubuhi ya mwisho macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Kilibaki kikao kimoja baada ya chai.

Nilikuwa nimekaa siku kumi na tatu bila utani. Watu wote walikuwa ukumbini wanagombea vitumbua, na vibao vilikuwa vimelala mezani peke yao, vyepesi. Sitamsingizia shetani. Nilichukua cha Juu nikakiweka kwa Kamusi, nikachukua cha Chini nikakiweka kwangu, nikaenda kunywa chai kwa adabu. Nilidhani watacheka nusu dakika, kisha virudishwe.

Balozi aliingia, akavaa miwani, akavitazama vibao. Akaitazama saa ya ukutani.

"Tuendelee na kifungu cha saba," akasema. "Nchi ya Juu, mnasemaje?" Na alikuwa anamtazama Kamusi.

"Mheshimiwa Balozi, vibao vimehamishwa..."

"Mjumbe hana uso, mheshimiwa."

Kamusi hakuwa mjinga. Akanyoosha mkono mezani. "Basi naomba rasimu yetu," akaniambia. Nikampa rasimu niliyoifanyia kazi siku kumi na tatu. Akaifungua ukurasa wa kifungu cha saba, akaulaza mkono juu yake. "Nchi ya Juu inaona kifungu hiki kimeandikwa kwa ustadi mkubwa. Tuko tayari kutia saini hata sasa."

Bondia akaniinamia sikioni. "Dada, tumekuwa Chini?"

"Tumekuwa Chini."

"Kafanya nani?"

Nikaanza kuichunguza dari kwa umakini mkubwa.

"Ni wewe! Wallahi nitakunywesha mto huu wote kwa kijiko."

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Njia rahisi ilikuwepo, tena pana: nitie saini, balozi asaini fomu, nirudi kwenye kitanda changu. Nchi yenyewe ilikuwa ya kubuni. Hakuna mtu ambaye angekufa kwa kiu. Lakini niliposhika kalamu nilikumbuka tulivyocheka mimi na Bondia, na nikajua hasa tulikuwa tunamcheka nani. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema akishaingia akae humo.

Nikasimamisha kibao.

"Nchi ya Chini haitasaini. Kipimo kisomwe na pande zote mbili."

"Hamtuamini?" Kamusi akauliza kwa upole wa kuudhi. Sauti ilikuwa yangu ya juzi, neno kwa neno.

"Hatuwaamini."

"Inasikitisha. Lakini bwawa ni letu na mlinzi wa geti ni wetu. Wageni hawaingii."

Nilijaribu kuomba ukaguzi wa mara moja kwa mwaka, akakataa. Nikajaribu wataalamu kutoka nje; akauliza watalala wapi. Kila mlango niliougonga niliukuta na kufuli niliyoifunga mwenyewe. Saa sita na nusu ikapita. Shati langu lilikuwa limelowa mgongoni. Wenzetu wawili wa nyuma walikuwa wanalalamika chinichini: saini basi, twende zetu. Bondia akawageukia. "Nyamazeni," akawaambia. "Hatusaini upuuzi." Sijawahi kumpenda mtu kiasi kile.

Nikaazima nakala ya rasimu kwa Kati, nikaisoma upya, polepole, kifungu kwa kifungu, kama mtu aliyepoteza sindano. Nilipofika kifungu cha tisa, cha malori, nikasimamisha kibao tena.

"Nchi ya Chini inakubali kifungu cha saba kama kilivyo."

Bondia akashika kichwa.

"Tunaongeza sentensi moja tu kwenye cha tisa. Malori ya Juu yatapita kwenye barabara yetu, nusu ya yote yatakayoletwa. Yatahesabiwa na Chini, kwenye geti la Chini, na Chini peke yake. Jioni tutawaambia yamepita mangapi."

Kamusi akakipekua kifungu cha tisa. "Na sisi tutajuaje kama ni kweli?"

"Mtatuamini."

Kamusi akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Mwizi wewe," akasema. "Haya. Wasomaji wawili kwenye kipimo, wahesabuji wawili kwenye geti. Lakini bwawani kwetu hamwingii, hilo nimeshasema."

Tukakwama hapo. Saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Ndipo kibao cha Kati, kwa mara ya kwanza tangu kozi ianze, kikasimama.

"Sisi tuna daraja," alisema Padri. "Kipimo kijengwe darajani. Kila mtu anaona kutoka pale."

Hata balozi aligeuka kumtazama. Tulitia saini zikiwa zimebaki dakika nne, kwa kalamu ya Bondia, maana yangu ilikuwa imetafunwa.

Balozi akakusanya karatasi, akazipanga, ndipo akauliza, "Nani alihamisha vibao?"

Bondia aliangalia viatu vyake kwa uaminifu wa ndugu wa damu. Fomu yangu ilikuwa juu ya meza yake, mstari wa mwenendo ukiwa bado mtupu. Nikasimamisha kibao.

"Nchi ya Chini," akasema balozi.

"Ni mimi, mheshimiwa."

Aliandika kitu, akakunja fomu, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi na kunikabidhi. Bweni zima linajua kwamba naweza kufungua bahasha kwa mvuke wa birika na kuifunga tena bila alama. Nilikaa nayo nyumbani siku tatu, na birika letu lilichemka kila asubuhi. Sikuifungua.

Siku ya kufungua shule sanduku langu lilibaki garini. Mama alisimama kando yangu ofisini huku mkuu akiichana bahasha na kusoma kwa sauti: "Aligeuza vibao vya nchi mbili wakati wa chai. Akaipigania nchi aliyokuwa ameitega mpaka ikapata maji. Nilipouliza, akasema mwenyewe. Saini nimeweka. Mpokee, ila usimpe nafasi ya kukaa bure."

Mkuu akaikunja fomu. Kisha akafungua droo, akatoa ulimi wa kengele, akauweka mezani mbele yangu kama kibao.

"Saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Kila siku, mpaka umalize."

Nikafungua mdomo ili tujadiliane. Mama akanishika bega.

"Nenda kashushe sanduku," akasema, "kabla hajabadili mawazo."