Vishimo Vilivyochafuka

Asubuhi ile mpimaji wa maabara hakumsalimia mtu. Alivaa glovu, akaitoa sahani yenye vishimo, akaiinua kwenye mwanga. Katika kila kishimo alikuwa ametia bakteria kutoka kwenye damu ya mtoto mchanga, pamoja na dawa, kuanzia kidogo hadi nyingi. Maji ya kishimo yakibaki safi, dawa imeshinda. Yakichafuka, basi tena.

Na mtoto hakuwa wa mtu baki. Alikuwa wa kaka yake, mtoto waliyemngoja hadi majirani wakachoka kuuliza. Dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa; hii ndiyo ya mwisho kabatini, ile ambayo madaktari huigusa wakiwa hawana pa kushika.

Vishimo vyote vilikuwa vimechafuka. Hata kile chenye dawa ya kuangusha tembo! Akafuta miwani, akatazama tena. Loo, vijidudu visivyoonekana kwa macho, kiburi chote hicho vimekitoa wapi?

Kaka na wifi walikuwa kwenye benchi la korido. Kaka alimwona uso tu, akajua.

"Imekataa?"

"Imekataa, kaka."

"Dawa gani hiyo?"

Akaitaja. Kaka akaruka wima.

"Wee! Hiyo si ninayo?" Akachomoa mfukoni pakiti yenye picha ya jogoo. "Nimetoka kuinunua sasa hivi. Ya kwao imechakaa, dada, hii mpya! Kuku wangu wanainywa kila siku. Umewahi kusikia nimezika kifaranga?"

Mpimaji akasoma. Jina lilikuwa lile lile. Hasira zikampanda hadi masikio yakawaka: kwa kaka, kwa muuzaji aliyemdanganya kuwa inanenepesha, kwa nafsi yake pia, maana bandani alikuwa akifika na kuwasifia kuku kwa afya.

"Kila siku, kaka? Kuku wazima?"

"Ndiyo maana wazima!"

"Bakteria wa bandani wameshaizoea. Wanatoka huko na mikono ya watu, wanaingia ndani. Nani anaikoroga?"

"Wifi yako. Mimi sijui vipimo."

Wifi akageuza viganja vyake, akavitazama. Hakulia.

"Wifi," akasema taratibu, "mimi nilikuwa nikitoka bandani namnyonyesha."

Mpimaji akaketi kando yake, akavishika viganja hivyo.

"Sasa si wamwongezee dozi?" kaka akasema, akiichana pakiti kwa meno.