Matundu Kwenye Daftari la Thornby

Siku ya kwanza maktabani Orpha aliambiwa neno moja tu: usiguse karatasi. Ashone mifuko ya pamba mia mbili na kitu, karatasi zitiwe humo, basi. Wiki tatu nzima alitii, ingawa kutii hakukuwa tabia yake. Waulize wanakwaya wa kanisa lake pale Joubert Park, waliompelekea kitambaa cha kijani akawarudishia majoho ya zambarau. Kijani, alisema, kingewafanya waonekane wagonjwa mbele ya Bwana.

Maktaba yenyewe ilikuwa mtaa wa Doornfontein, Johannesburg, ghorofa ya pili, juu ya karakana ya viatu. Ilikuwa imeachiwa makaratasi ya Waingereza wa zamani waliozunguka Asia wakijifunza lugha na dini za watu: barua, ramani, madaftari. Wajukuu wao walihamia Johannesburg na masanduku hayo, wakafa, masanduku yakabaki. Lililowaumiza watu vichwa mwaka huo wa 2017 lilikuwa daftari la bwana mmoja aliyeitwa Thornby, aliyetembea milima ya Ladakh, kaskazini mwa India, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Uzi wake ulikuwa umeoza, karatasi themanini na mbili zimetawanyika, hazina namba wala tarehe.

Profesa Langley alikuja kutoka London kwa ajili ya karatasi hizo. Alikuwa amezipanga kwa kuzisoma, miaka miwili, kwenye picha alizotumiwa, na kumi na moja zikamshinda kabisa. Ijumaa angeondoka nazo zikashonwe huko kwao. Habari hiyo Orpha aliipata Jumatano kwa Madame Refilwe, mkuu wa maktaba, aliyeisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Zikienda hazirudi, Mama Orpha. Zikibaki ningepata nafasi ya mtu wa kuzishona, kazi ya kudumu. Lakini bodi inasema hapa hatuna fundi."

Hatuna fundi! Sindano Orpha aliishika kwao Bukavu, Kongo, akiwa na miaka kumi na miwili. Hapa Joburg ilikuwa miaka tisa anashona sare za walinzi, mashela ya maharusi, mapazia ya watu ambao hawakumsalimu hata siku moja. Leo hakuna fundi! Aliitaka kazi ile. Wala hakuona haya kuitaka.

Alhamisi asubuhi akavunja amri. Profesa alikuwa amezipanga karatasi zake juu ya meza ndefu, akaenda kunywa chai. Orpha akaweka mkasi chini, akanawa mikono, akazisogelea. Kuzisoma asingeweza, Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, na mwandiko wa yule mzee ulikuwa kama mchwa waliolewa. Akatazama ukingoni, pale uzi ulipopita. Mungu wangu! Akachukua moja, akachukua ya pili, akaziinua dirishani, akaanza kucheka peke yake.

"Mama, tafadhali!" Profesa alikuwa mlangoni na kikombe chake. Nyuma yake alisimama Madame Refilwe, uso umemshuka.

"Profesa, hili daftari hakulishona mtu wa vitabu," Orpha alisema, karatasi bado mkononi. "Alilishona fundi wa nguo. Sisi tukishona kitu kinene, kola ya koti, sindano tunailaza. Inaingia hapa, inatokea kule. Ona, karatasi hii tundu liko karibu na ukingo. Hii limesogea ndani. Hii limesogea zaidi. Zinafuatana, ila wewe umeziachanisha."

"Nimesoma kila neno, mama."

"Nakubali, umezisoma. Mimi nimezishika. Tujaribu! Thornby aliandika upande mmoja tu, si ndiyo? Chukua zile kumi na moja zilizokushinda, ongeza kumi nyingine. Changanya kama karata. Kisha zilaze kifudifudi, nisione hata herufi."

"Eish, Mama Orpha," Madame Refilwe alinong'ona. Lakini Profesa, kwa kuudhika au kwa kutaka kujua, alikuwa tayari anazichanganya.

Orpha alikaa kitako. Alipitisha kidole juu ya kila tundu, maana sindano ikitoka huinua karatasi kidogo, na pale ndipo unajua mbele ni wapi. Hii hapa, hii pale. Moja akaiweka, akaguna, akairudisha nyuma nafasi mbili. Moja akaisukumia mbali kabisa.

"Hii si ya hapa. Haijawahi kupitiwa na sindano ile."

Zikabaki ishirini. Profesa akaanza kuzifunua, akisoma kwa sauti kavu. Sentensi iliyoishia ukurasa wa kwanza ikaendelea wa pili. Karatasi ya pili ikaingia ya tatu. Kufika ya tano sauti ilikuwa imepoa, na Madame Refilwe alikuwa amevuta kiti.

"Daftari limeanguka mtoni na uzi umekatika," alisoma Profesa. "Leo nimempa mshona nguo mmoja katika soko la mji wa Leh alishone upya. Amelishona vizuri kuliko lilivyokuwa. Ameniamkia kwa adabu na mimi sikumuuliza..." Akafunua iliyofuata. "Jina lake."

Cherehani za karakana ya chini zilisikika waziwazi.

"Karatasi ile niliiweka kabla ya ukurasa unaoanza na 'bei ya farasi'," Profesa alisema hatimaye, amewiva masikio. "Nimeandika makala nzima kwamba hakuuliza bei ya farasi."

Orpha alicheka, na Profesa mwenyewe akashindwa kujizuia. Kisha akavua miwani na kumgeukia Madame Refilwe. "Zishonwe hapa. Bodi nitaiandikia mimi, leo hii."

Madame Refilwe hakungoja aambiwe mara mbili. Alifungua daftari kubwa la matengenezo, akaandika kwa haraka ya furaha: *Fundi Mkongo*. Orpha akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hapana, Madame. Futa."

"Kuna nini?"

"Nipe kalamu."

Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za kutulia, mistari miwili. Wa kwanza: *Fundi wa nguo, soko la Leh. Jina hakuulizwa.* Wa chini yake: *Orpha Nabintu.* Akapuliza wino ukauke, akauliza Jumatatu kazi inaanza saa ngapi.