Kichwa Chepesi cha Trela

Masufuria ya pilau ya wanaume yalipakiwa mwisho, kama ada, ili yashuke mwanzo. Nikaha ikishafungwa wanaume hawangoji, na Nabiha, mpishi wa harusi wa Kuze mwenye diploma yake ya upishi, hakutaka kuaibika mbele ya watu wa Changamwe. Basi trela dogo likajazwa hivyo: majamvi na sahani mbele, pilau yote mkiani.

"Lete mnyororo ule," akamwambia Kaingu, msaidizi wake wa jikoni.

"Huu wa kushikanisha trela na gari, Mama Fairuz?"

"Gari lina chuma chake. Pilau ina nini? Funga masufuria."

Kaingu akayazungushia mnyororo, akaukaza kwa fundo juu ya fundo. "Haya. Pilau imefungwa kama mwizi wa kuku."

Abdulbasit, shemeji yake Nabiha na ndiye dereva, akakiinua kichwa cha trela na kukivisha juu ya tufe la chuma nyuma ya pikapu. "Leo chepesi! Mkono mmoja tu."

"Afadhali. Washa gari, twachelewa."

Kaingu akapanda kukaa na masufuria yake.

Daraja la Makupa wakalivuka salama. Walipoanza kupanda kilima, Nabiha akahisi pikapu limechomoka mbele, kama mtu aliyetua mzigo. Akatazama kioo cha pembeni. Trela lilikuwa linabaki.

"Simama!"

Abdulbasit akasimama. Trela halikusimama. Lilirudi nyuma kichwa juu, taratibu, na lori linapanda kilima nyuma yake. Kaingu akaruka. Nabiha akashusha pumzi. Kisha akamwona anaokota jiwe.

"Wacha! Liwache liende, Kaingu!"

Honi ya lori ikaimeza sauti yake. Mlango wa upande wake ulikuwa haufunguki kwa ndani, akawa anapapasa kitasa cha nje kupitia dirishani huku macho yake yakiwa kiooni. Kaingu akapiga magoti, akalisukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Gurudumu likalipanda jiwe, likamshukia pajani, likatulia hapo.

Nabiha alipofika, wanaume walikuwa wameshajazana, na damu ya Kaingu yateremka barabarani. Wakaliinua trela. Halikuinuka.

"Shusheni masufuria kwanza!" akawaambia.

Masufuria hayakushuka. Mnyororo ulikuwa umekazika, wa moto kwa joto la masufuria. Nabiha akauvamia kwa vidole vitupu.

Abdulbasit alikuwa akilitazama tufe la pikapu, zima, lang'aa. "Hakuna kilichokatika, shemeji. Mkia mzito umekinyanyua kichwa, kikachopoka. Na hapa hapana mnyororo wa kulizuia."

"Najua mnyororo uko wapi!"

Simu ikalia mfukoni mwa Nabiha. Dereva wa lori akaichomoa, akamwekea sikioni.

"Mama Fairuz, wanaume washakaa," sauti ya kike ikasema kutoka harusini. "Mko wapi?"

Fundo la kwanza lilimng'oa ukucha likifunguka. La pili halikusogea.

"Mama Fairuz," Kaingu akaita kutoka chini, sauti nyembamba. "Imemwagika?"

Akayatazama masufuria. Hakuna hata kifuniko kimoja kilichosogea.

"Haikumwagika, baba."

"Nilikwambia. Kama mwizi wa kuku."

Nabiha akatafuta mwisho wa mnyororo. Kaingu alikuwa ameuchomeka ndani kabisa, asikoweza kuufikia mtu.

"Umeupitisha wapi, Kaingu? Niambie, umeupitisha wapi?"

Kaingu hakusema tena.