Ekuteri za Damascène

Mudathiru alikata waya juu kidogo ya pini, akauchuna kwa meno, akazitenganisha nyuzi: nyekundu ya upande wa kulia, ya kijani ya upande wa kushoto, na ile ya rangi ya shaba inayohudumia pande zote mbili. Aliziunguza ncha kwa kiberiti cha gesi ili rangi itoke, maana lehemu haishiki juu ya rangi, na fundi asiyejua hilo hurudishiwa kazi siku hiyohiyo pamoja na matusi. Ilikuwa saa nne asubuhi sokoni Kamembe. Mvua ilikuwa imekatika, na mwavuli wake ulikuwa ukidondosha maji upande mmoja.

Mteja wake, Joselyne, alikaa kwenye kreti ya bia akisubiri. Ekuteri, yaani spika za masikioni, zilikuwa za mumewe Damascène, mvunja mawe katika karieri moja, machimbo ya chokaa, upande wa Rwimbogo. Miezi mitano nyuma Damascène hakurudi nyumbani. Vénuste, mkuu wa karieri, alileta mfuko wenye shati, bakuli la chakula na ekuteri zilizokatika, zote zikiwa na vumbi jeupe, akasema mtu huyo ameacha kazi na kuvuka kwenda Kongo kwa mwanamke. Lisemwalo lipo, majirani wakasema, wakaendelea kusema.

Kwao, mtu akifa jembe hubaki limetundikwa juu ya mlango, haliguswi mpaka siku ya kuondoa kilio. Joselyne hakuligusa jembe tangu siku ya ule mfuko, kwa kuwa moyo wake ulishajua. Lakini shemeji yake Nizeyimana, mkubwa wa ukoo, alikataa kuita watu waje kulia. Mtoro haliliwi matanga, alisema, hutukanwa tu. Na kilio ambacho hakijaanza nani atakiondoa? Majirani walipanda maharagwe, wakapalilia, wakavuna. Shamba la Joselyne likaota magugu yaliyofika kiunoni. Alikuwa amechoka, na zaidi ya yote alikuwa amechoka na kimya cha nyumba, ndiyo maana alitaka ekuteri zipone asikilize redio.

Mudathiru alipaka gundi, akazichomeka kwenye simu ya Joselyne, akasikiliza kwanza sikio moja, kisha la pili.

"Maman, kuume ni redio," alisema. "Kushoto kuko mwanaume anapiga mawe."

"Anakohoa?"

"Anakohoa."

"Ni bwana yangu. Leta."

Alizivaa, akakisogeza mdomoni kile kipaza sauti kidogo cha kwenye waya.

"Papa Iriza, uko wapi?" Iriza ni binti yao.

Nyundo ilinyamaza. "Niko chini ya ngazi ya pili, karibu na muti ya avoka," alisema Damascène. "Mulima uliniangukia. Shefu Vénuste alikuya, akaangalia, akaambia batu bamwange majiwe ingine juu. Kisha bakaenda kukula."

Joselyne alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mudathiru alimwonya asiuvute sana upande wa kushoto, kwa sababu waya wake ni mwembamba, kisha akamwita mteja aliyefuata.

Mchana huohuo Joselyne alipanda pikipiki hadi karieri, akiwa amempitia shemeji yake njiani. Hakutaka kumfunga mtu. Alitaka Vénuste atamke neno moja tu, *amekufa*, mbele ya Nizeyimana, ili mwili utolewe, watu waje kulia, na siku moja jembe lishuke.

Vénuste aliwakaribisha vizuri, akawapa viti. Joselyne akamweleza aliyoyasikia, akampa ekuteri. Aliifuta spika ya kushoto kwa leso, akaitia sikioni.

"Damascène, habari ya kazi?"

Alisikiliza.

"Na jiwe ya huko chini iko nyeupe?"

Alisikiliza tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sawa. Endelea."

Akazivua, akamgeukia Joselyne kwa heshima. "Maman, unisamehe. Nilisema alitoroka. Kumbe eko ku kazi." Akafungua daftari la mahudhurio, akafuta neno *mtoro* lililorudiwa miezi mitano, na kila mahali akaandika *yupo*. Mkono wake ulikuwa na mwandiko mzuri.

"Mumutoshe huko chini ya majiwe, nimuzike," alisema Joselyne.

"Muntu wa kazi banamuzika namna gani?"

Joselyne alimtazama shemeji yake. Nizeyimana naye alikuwa amekwisha kuzivaa, akimsalimia mdogo wake, akimweleza kwamba ng'ombe amezaa jike. Machozi ya furaha yalimtoka mzee huyo. Aibu ya ukoo ilikuwa imeondoka.

"Shemeji," alisema, "tumushukuru Mungu. Ndugu yangu hakutoroka. Na muntu mwenye kutumika kazi, habamulilii."

Joselyne alipiga ukelele. Wanaume wawili walingoja kwa adabu hadi umalizike, kisha Vénuste akamwagiza dereva wa lori amrudishe nyumbani.

Jioni hiyo alikaa kizingitini. Saa kumi na moja king'ora cha karieri kililia, kikasikika bondeni kote, na wavunja mawe wakaonekana wakishuka njiani. Katika sikio lake la kushoto nyundo iliendelea.

"Papa Iriza, hausikie king'ora?"

"Huku chini sisikie. Kililia?"

Ndipo alipoelewa kwamba kwa miezi mitano mumewe hakuwa amepumzika hata siku moja. Alimwambia kimelia, aweke nyundo, na Damascène akashukuru.

Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yake. Majirani wamepanda tena. Jembe lake linaning'inia juu ya mlango, kutu imelila hadi shingoni, na kila saa kumi na moja yeye hukaa chini yake, huzivaa ekuteri na kumwambia mumewe kwamba siku imekwisha.

"Asante, Maman Iriza," Damascène husema. "Na banakuya kunitosha huku chini lini?"

"Kesho."

Halafu husikia nyundo ikiwekwa chini.